Wiki ya sita, wiki ya kumi: shajara ya mradi wa selimundu, Kisumu

Januari

Barua ya ruzuku imeshafika, fedha zenyewe bado. Naanza kuandika kabla hatujampima mtoto hata mmoja, kwa sababu wenzangu wengi katika hospitali za kaunti, kuanzia Busia hadi Nakuru, wanaomba ruzuku za majaribio za aina hii, na wakitafuta cha kusoma hukuta ripoti za mwisho tu, zilizokwisha kunyooshwa. Yaliyotokea katikati hayaandikwi. Mimi ni afisa wa kliniki, kazi nimeijulia wodi ya watoto, na huu ndio mradi wa kwanza kubeba jina langu kama mtafiti mkuu. Idadi za washiriki sitaziweka hapa. Hizo ni za ripoti, baada ya kukaguliwa. Hapa nitaweka tunachojifunza.

Swali letu ni dogo. Mtoto aliyezaliwa na selimundu hapa Kisumu, tunaweza kumtambua kwenye kliniki ya chanjo akiwa na wiki sita, majibu yaliyothibitishwa yakamfikia mama akiwa na wiki kumi, na dawa ikaanza siku hiyo hiyo?

Hatuulizi kama dawa inafaa. Hilo lilijibiwa Marekani mwaka 1986. Watoto wadogo wenye selimundu waliopewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku walipungukiwa na maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84 wakilinganishwa na wenzao, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa haki tena kuwaacha wengine bila dawa. Penisilini ni rahisi, inapatikana, na kila nesi anaijua. Kinachokosekana kando ya ziwa hili ni njia ya kumfikia mtoto kabla ugonjwa haujamfikia.

Kwa asiyeufahamu ugonjwa wenyewe: mtoto mwenye selimundu amerithi jeni ya hemoglobini S kwa baba na kwa mama. Anazaliwa akionekana mzima, maana damu yake bado ina hemoglobini ya tumboni ambayo humkinga. Kufikia miezi mitano au sita kinga hiyo imepungua, na hapo vidole huanza kuvimba, damu hushuka, wengu hujaa ghafla, homa zinakuja mfululizo. Nyumbani watasema ni malaria, na mara nyingi malaria kweli imo. Wengi huzikwa kabla mtu yeyote hajautaja ugonjwa kwa jina. Ndiyo maana wiki ya sita ina thamani: mtoto bado hajaugua, na mama analeta mtoto kliniki mwenyewe kwa ajili ya chanjo.

Februari

Fedha zimeingia kwenye akaunti ya taasisi. Niseme kidogo kuhusu fedha hizi, kwa sababu kuna wanaoniuliza kama tumepata "mradi mkubwa". Hapana. Ruzuku ya majaribio ni fedha kidogo za muda mfupi, mara nyingi mwaka mmoja, zinazotolewa ili mtafiti apate data ya kwanza ya kumwezesha kuomba fedha kubwa. Marekani utaratibu huu umejengwa ndani ya mpango wa utafiti wa tiba uitwao CTSA, ulioanzishwa na taasisi za taifa za afya, NIH, mwaka 2006. Sasa unasimamiwa na NCATS, tawi la NIH lililoundwa 2011, na una vituo takriban 60. Lengo lake ni kuyatoa maarifa maabara yafike kitandani kwa mgonjwa, kisha yafike kijijini. Vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya vyenye ushirikiano na vya huko, Eldoret wakiwa mfano wa siku nyingi, wameonja matunda ya mfumo huo.

Sisi wenyewe tuna Hazina ya Taifa ya Utafiti, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na sheria hiyo inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende huko. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu maswali ya aina yetu hayamshtui mfadhili wa mbali. Hayana molekuli mpya ndani yake. Ni maswali ambayo kaunti yenyewe ingepaswa kuyalipia, kwa kuwa ni kaunti itakayoishi na majibu yake.

Vibali sasa. Utaratibu ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, kisha idara ya afya ya kaunti, kisha msimamizi wa kila kituo. Mpangilio huo haurukwi. Wakati huo wote muda wa ruzuku unakwenda, kwa hiyo mwenzangu unayeandika ombi leo, peleka itifaki yako, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, kwa kamati ya maadili kabla hujapata jibu la mfadhili. Kamati haikatai kusoma mradi ambao haujapata fedha, na miezi utakayoiokoa ni miezi ya kupima watoto.

Kamati yetu imerudisha itifaki ikiwa na maswali. Mengi ni ya kawaida. Mawili ni mazito na yamenikosesha usingizi kwa njia nzuri. La kwanza: mtoto akikutwa na ugonjwa, na ruzuku ikaisha Desemba, nani atamtunza Januari? La pili: mtoto akikutwa mbebaji tu, mtamwambia nini mama, na mkimwambia, nani mwingine atajua?

Februari, mwisho wa mwezi

Tumeyajibu.

Kwa swali la kwanza tumeandika kwamba hatutapima katika kituo chochote ambacho hakijakubali kwa maandishi kuwachukua watoto wenye ugonjwa kwenye kliniki yake ya kawaida. Vituo viwili tulivyovitaka vimetoka kwenye orodha kwa sababu hiyo. Nilisikitika, lakini kumpa mama jina la ugonjwa kisha ukamwacha nalo ni ukatili, hata kama umeandika fomu vizuri.

Swali la pili ni refu. Mbebaji ana jeni moja tu. Si mgonjwa, na hata ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Lakini nyumba nyingi hapa zikisikia selimundu humtazama mama. Ukoo wa mume utasema ugonjwa umetoka kwa ukoo wa mke. Wazazi nao wakipimwa, matokeo yanaweza kufichua mambo ya ndoa ambayo mradi wetu hauna haki ya kuyagusa. Tumeamua hivi: wazazi hawapimwi ndani ya mradi, anayetaka kupimwa anaelekezwa kwingine kwa hiari yake. Na kila mama, awe mtoto wake ni mzima, mbebaji au mgonjwa, atapewa bahasha moja ya rangi moja, ndani ya chumba kimoja, kwa mazungumzo ya muda unaokaribiana. Aliyekaa kwenye benchi nje asiweze kubaini chochote kwa kumtazama anayetoka mlangoni.

Bahasha hizo zimeleta faida nyingine ambayo nitaieleza tukifika kwenye hesabu.

Machi

Tumekutana na wahamasishaji wa afya ya jamii wa mitaa ya Manyatta na Nyalenda, pamoja na wazee na akina mama. Nilidhani tutazungumzia damu: kiasi gani, inakwenda wapi, inauzwa au haiuzwi. Yaliulizwa hayo, nayo yana majibu. Ni tone la kisiginoni, jingine la kukaushwa kwenye karatasi ya maabara, hakuna kinachovuka mpaka wa nchi, na taarifa za mtoto zinalindwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kisha mzee mmoja akauliza kwa nini sisi, kwa nini Wajaluo, kila siku Wajaluo.

Ni swali la haki, nikalijibu kwa historia. Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil, kule Kaunti ya Nakuru, alizunguka Kenya mwaka 1949 akichukua damu za makabila mbalimbali. Akaona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mmoja kati ya watano kwa baadhi ya jamii, na ni nadra nyanda za juu. Akawaza kwamba penye malaria nyingi, jeni moja inamlinda mtu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa wanaume 30 Wajaluo waliojitolea kuambukizwa malaria, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo. Vimelea vilishika kwa wawili tu wa kundi la kwanza, na kwa 14 wa kundi la pili.

Kimya kidogo. Mzee akasema, "Kwa hiyo dunia ilijifunza kwetu." Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, na kwamba walichotoa wanaume wale kimeandikwa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, ilhali watoto wa ukoo wao bado hawapimwi wanapozaliwa. Sikutaka kulainisha hilo. Ukiingia katika jamii iliyotoa mwili wake kwa sayansi, unaingia ukiwa na deni, na fomu ya ridhaa lazima ionekane kuwa inajua hivyo.

Wakatubadilishia fomu. Wametuambia sentensi ya kwanza isiwe "unaombwa kushiriki katika utafiti". Iwe inasema mtoto atapata nini, atachomwa wapi, na kwamba mama akikataa chanjo atapewa vilevile. Utafiti ufuate baada ya hapo. Tumeiandika upya kwa Kiswahili na Dholuo, kamati imekubali.

Aprili

Mafunzo ya wauguzi. Mvua za masika zimeharibu barabara upande wa Ahero, na kituo kimoja cha Nyando tutakifikia baadaye. Nimeandika barua kwa mfadhili kueleza, ameelewa.

Nesi mkuu wa kituo cha kwanza ametufundisha zaidi ya tulivyomfundisha. Alitutaka tutengeneze njia ya kueleza urithi bila kalamu na karatasi, akaja na vifuniko vya soda vya rangi mbili. Kila mzazi mbebaji ana kifuniko kimoja chekundu na kimoja cheupe. Unafumba macho, unachukua kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Viwili vyekundu, mtoto mgonjwa. Unavirudisha vyote, unachukua tena kwa mimba inayofuata. Kule kurudisha ndiko kunakofundisha. Akina mama wengi wameambiwa "mmoja kati ya wanne" wakaelewa kwamba wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wako salama. Hapana. Kila mimba ina hatari ileile ya robo, na vifuniko vinalionyesha hilo papo hapo.

Mei

Tumeanza.

Siku ya chanjo kituoni si siku ya utulivu. Mizani, kijitabu cha mama na mtoto, pentavalenti, matone ya polio, chanjo ya nimonia, rota. Tulikuwa tumechora mchoro safi wa meza yetu ikiwa mwisho wa mstari. Wauguzi wakauhamisha: kuchoma kisigino kuwe kabla ya sindano za chanjo, mtoto akiwa ananyonya, maana baada ya sindano mbili mama hataki tena kusikia mtoto wake akilia. Kukataa kumepungua sana tangu tuhamishe meza. Mabadiliko hayo hayakugharimu hata shilingi, na hakuna mahali pa kuyaandika kwenye jedwali la bajeti, lakini ni aina ya kitu ambacho ruzuku ya majaribio ipo kwa ajili yake.

Kipimo cha haraka kinatoa jibu mama akiwa bado kituoni. Je, tumwambie papo hapo? Tumebishana. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinachoonyesha S peke yake kinahitaji kuthibitishwa maabara, na neno likishatoka mdomoni mwa daktari halirudi. Kwa upande mwingine, mama akiondoka bila neno huenda asirudi. Tulichokubaliana: anayeonyesha S peke yake anaambiwa siku hiyo, faraghani, kwamba kuna alama ya damu inayohitaji kipimo cha pili, na kwamba asikose wiki ya kumi. Namba ya simu anapewa, na maelekezo ya homa: mtoto akipata joto asingoje asubuhi.

Juni

Huu ndio mwezi uliobeba mradi wote, na nitakaa hapa.

Wiki nne kati ya chanjo ya wiki ya sita na ile ya wiki ya kumi zinatosha kwa maabara. Sampuli zinakwenda kwa bodaboda Ijumaa, majibu yanarudi kabla ya muda. Kwenye karatasi, mnyororo umekamilika. Kinachokatika ni kiungo cha mwisho.

Mama amejifungulia Kisumu kwa dada yake, wiki ya kumi yuko kwao Ugenya au Rongo, na chanjo ameipata huko huko kwenye zahanati ambayo haitujui. Mtoto amechanjwa kwa wakati, rekodi ya chanjo iko sawa, ila majibu yetu yamelala kwenye droo Kisumu. Kwa mfumo wa chanjo huyu ni mtoto aliyefanikiwa. Kwetu amepotea.

Simu je? Simu iliyoandikwa kwenye fomu mara nyingi ni ya mume, ya mama mkwe, au ya jirani. Tuliweka kanuni tangu mwanzo kwamba majibu hayatajwi kwenye simu. Mpigaji anasema anatoka kliniki ya chanjo na anauliza mtoto ataletwa lini. Hata hivyo mume mmoja alitaka kujua kwa nini kliniki inampigia mke wake, na mhamasishaji wa eneo lile ndiye aliyemtuliza kwa sababu anamfahamu tangu utotoni. Tangu hapo tunampa mama chaguo siku ya wiki ya sita: tukikukosa, tukutafute kwa simu hii, kwa simu nyingine, au kwa mhamasishaji wako? Wengi wanamchagua mhamasishaji. Wengine wanamkataa kabisa, kwa kuwa anaishi plot moja na wao, na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa.

Kwa wanaohama, tumejaribu kitu chepesi. Kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ukurasa wa chanjo wa wiki ya kumi, nesi anaandika alama ndogo tuliyokubaliana na kaunti pamoja na namba ya kituo chetu. Nesi wa zahanati yoyote akiiona anajua kuna majibu yanayomngoja mama huyu na anaweza kupiga. Alama haisemi majibu ni yapi, na kila mtoto aliyepimwa anayo. Imeanza kufanya kazi. Tulipopata simu ya kwanza kutoka zahanati ya nje ya kaunti, chumba kizima kilishangilia.

Nauli tunarudisha kwa M-Pesa, kiasi cha nauli na si zaidi, kama kamati ilivyotaka, ili asije mtu akamleta mtoto kwa ajili ya pesa. Ada ya kutoa pesa tulikuwa tumeiweka kwenye bajeti. Wenzangu, iwekeni. Mama aliyetumiwa nauli kamili akakatwa wakala anafika nyumbani akiwa amepungukiwa.

Julai

Dawa. Penisilini ya maji kwa watoto ndiyo kila mtu huifikiria kwanza, lakini ikishachanganywa inataka friji na hudumu wiki moja au mbili tu. Nyumba ngapi za mtaa wa Obunga zina friji? Tunatumia kidonge cha miligramu 250, nusu asubuhi na nusu jioni, kikipondwa na kuchanganywa na maziwa ya mama kwenye kijiko. Mama anapondaponda mbele yetu kabla hajaondoka. Malaria tunaikinga kwa proguanili kila siku, kama miongozo ya Kenya inavyoelekeza. Homa Bay kumefanyika jaribio la kuilinganisha na dawa nyingine, na sisi tunafuatilia.

Na wengu. Jambo hili nalipenda kuliko yote. Kule Kingston, Jamaika, kati ya 1973 na 1981 walipima watoto wachanga 100,000 na kuwafuata wale waliokutwa na ugonjwa. Moja ya mambo waliyoyatoa ni kwamba mama akifundishwa kupapasa tumbo la mtoto kila siku, atautambua wengu unaojaa ghafla na kumkimbiza hospitali kabla damu yote haijaishia humo. Vidole vya mama vikawa kifaa cha uchunguzi. Hakihitaji umeme wala kuagizwa kutoka nje. Nimeona msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto wake wa kwanza, akimwelekeza nyanya ya mtoto mahali pa kugusa, chini ya mbavu za kushoto, naye nyanya akiweka mkono kwa uangalifu kama wa nesi. Baada ya hapo nyumba ile ina walinzi wawili.

Rufaa za dharura zinakwenda hospitali kuu ya Kondele, ile ambayo wakubwa bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Tumehakikisha kadi ya mtoto ina maandishi makubwa mbele, ili asiambiwe asubiri mstari.

Agosti

Hesabu, kwa ajili ya wenzangu wanaoogopa takwimu.

Chukua kwamba mtu mzima mmoja kati ya watano ni mbebaji. Ndoa moja kati ya 25 itakutanisha wabebaji wawili, na robo ya mimba zao zitatoa mtoto mgonjwa. Hiyo ni kama mtoto mmoja kati ya 100. Kwa hiyo mradi mdogo utapata watoto wagonjwa wachache sana, na hauwezi kuthibitisha kwamba vifo vimepungua. Asidanganyike mtu kuandika hivyo kwenye ombi. Mwongozo wa CONSORT wa kuripoti majaribio ya awali, uliotoka 2016, unasema wazi kwamba kazi ya jaribio la awali ni kuonyesha kama jambo linawezekana, na kwamba vigezo vya kusonga mbele vitajwe mapema.

Hapa ndipo bahasha zinapotusaidia. Kwa kuwa kila mama anarudi kuchukua bahasha, tunaweza kupima urejeaji kwa watoto wote, si wale wachache wagonjwa tu. Na idadi ina maana. Tuseme watoto 30 walitakiwa kurudi, wakarudi 24. Ni asilimia 80, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya 63 na 90 hivi. Wakiwa 100 na wakarudi 80, asilimia ni ileile, ila wigo umebana kuwa kati ya 71 na 87. Kigezo chetu tulikiandika kabla ya kuanza: asilimia 80 na zaidi, tunaomba fedha za kupanua. Kati ya 60 na 80, tunarekebisha njia ya majibu na kujaribu tena. Chini ya 60, tunasimama na kusema hivyo hadharani. Uamuzi wa asilimia ipi inatosha hauwezi kufanywa baada ya kuona matokeo.

Septemba

Ripoti ya robo ya tatu imekwenda. Mfadhili ameuliza kama tungependa kuhamisha fedha zilizobaki kununua mashine ya maabara. Nimemjibu kwa heshima kwamba tungependa kuongeza miezi ya wahamasishaji. Mashine ikibaki bila vitendanishi, yaani kemikali zake za kupimia, mwakani haitampima mtu, ila mhamasishaji anayemjua mama kwa jina atabaki mtaani. Amekubali.

Oktoba

Wenzetu wa kaunti wamekuja na daftari, wakakaa siku nzima ya chanjo. Mmoja aliuliza kama hii si kazi ya ziada kwa wauguzi ambao tayari wamechoka. Ni kazi ya ziada. Nesi mkuu akamjibu mwenyewe kwamba kazi kubwa zaidi ni ile ya usiku, mtoto wa mwaka mmoja akiletwa mweupe kama karatasi na hakuna anayejua ana nini. Mimi nisingeweza kuongeza kitu.

Tumewaonyesha mfano wa Kumasi, Ghana, ambako upimaji wa watoto wachanga ulianza miaka ya 1990 kama mradi wa majaribio na baadaye ukachukuliwa na taifa. Wao pia walianza na kituo, karatasi ya damu na wauguzi waliokuwa na kazi nyingine.

Swali la gharama baada ya Desemba limejibiwa nusu. Penisilini na proguanili zitaingia kwenye oda ya kawaida ya dawa za vituo. Vipimo vya haraka bado. Hilo ndilo nitakalolipigania kwenye bajeti ya kaunti ijayo, na ndilo kiini cha ombi letu la pili.

Novemba

Ombi la pili limeandikwa. Linaomba mambo mawili. La kwanza ni kuipima ile alama ya kijitabu katika kaunti zaidi ya moja, kwa sababu akina mama wa ziwa hawaishi ndani ya mpaka wa kaunti. La pili ni haidroksiyurea. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1998, na utafiti wa REACH uliochapishwa 2019, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi yetu, ulionyesha kwamba watoto wa Afrika wenye umri wa mwaka mmoja hadi kumi walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo walipoitumia. Watoto tuliowatambua Mei watatimiza mwaka mmoja hivi karibuni. Tunataka siku hiyo iwakute dawa ikiwa tayari, na kipimo cha damu cha kuifuatilia kikiwa kwenye kituo chao, badala ya safari ya kuja mjini.

Desemba

Upimaji wa watoto wapya umesimama. Majibu yanaendelea kutolewa hadi bahasha ya mwisho. Rejista ya watoto wenye ugonjwa imehamishiwa kwenye kliniki za vituo vyao, na kila mtoto ana nesi ambaye jina lake mama analijua. Data inakaguliwa, ripoti kamili itasomwa kwanza kwenye baraza Manyatta na Nyalenda, kwa Dholuo, kabla haijasomwa kwingine.

Fomu ya ridhaa kwa lugha zote mbili, maelekezo ya kuponda kidonge, mchoro wa mahali pa kugusa wengu na maelezo ya alama ya kijitabu viko kwa afisa wa rekodi. Aliye Siaya, Homa Bay, Kakamega au Nakuru na anataka kuvitumia avichukue, abadilishe jina la kituo, avipeleke kwa kamati yake ya maadili, kisha atuambie akina mama wake wamerekebisha nini.